Mashine ya Kulisha Samaki Bwawani: Kuichagua, Kuifunga na Kuipima Hatua kwa Hatua

Wafugaji wanaonipigia simu wiki chache baada ya kununua mashine ya kulisha samaki hulalamika kwa maneno yanayofanana. Mfuko uliokuwa ukitosha wiki nzima sasa unaisha kwa siku nne. Punje zinaelea hadi zinavimba. Maji yamekuwa ya kijani kizito, na alfajiri samaki wako juu wanatafuta hewa. Wengi huamua kuwa mashine ni mbovu, wanaing'oa na kurudi kwenye ndoo.

Mara nyingi mashine ni nzima. Haijui gramu, inajua sekunde. Ukiipangia sekunde 30 itarusha sekunde 30, ziwe zimetoa nusu kilo au kilo na nusu. Kazi ya kugeuza gramu wanazohitaji samaki wako ziwe sekunde za mashine ni yako, na ndiyo hatua inayorukwa karibu kila mahali ninapoitwa.

Mwongozo huu ni wa mfugaji wa sato mwenye bwawa la udongo au la turubai. Pale kambale wanapohitaji jambo tofauti, nitasema.

## Kwanza hakikisha unaihitaji

Kama una samaki 200 kwenye kibwawa cha nyuma ya nyumba na uko nyumbani asubuhi na jioni, lisha kwa mkono. Mkono wako una macho: unaona samaki wamechangamka au wamezubaa, na unaacha kurusha wakishiba.

Mashine inafaa kama una mabwawa kadhaa, kama shamba liko mbali na unapoishi, kama unalea vifaranga wanaohitaji milo minne hadi sita kwa siku, au kama chakula kinapungua stoo bila maelezo. Sababu hiyo ya mwisho ni ya kweli na sioni haya kuitaja.

Kuna sharti moja lisilo na msamaha. Mashine hizi zinataka chakula cha punje kinachoelea, kikavu, kisicho na vumbi. Ukiweka pumba za mahindi zilizochanganywa na dagaa wa kusaga, mchanganyiko utashikana kwenye tundu ndani ya siku mbili. Kama hicho ndicho chakula chako, endelea na mkono.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Mashine yenyewe, pamoja na pipa lake la chakula na taima.
- Chakula kinachoelea cha ukubwa unaolingana na midomo ya samaki wako.
- Mizani ya jikoni inayosoma gramu, na mizani ya kuning'iniza ya kilo 20 au zaidi.
- Simu yenye saa ya kuhesabu sekunde.
- Turubai safi la mita 4 kwa 4 au kubwa zaidi.
- Kimia au kokoro, ndoo mbili, na kipimajoto cha maji.
- Nguzo ya bomba la chuma, saruji, kokoto, mchanga, bolti na nati, pima maji.
- Paneli ya sola ya wati 20, kontrola ya volti 12 (kifaa kinachosimamia kuchaji betri), betri ya volti 12 yenye ampia-saa 7 au zaidi, fyuzi na kishikilio chake, nyaya za nje.
- Chekecheo la vumbi.
- Daftari. Usitegemee kichwa.

Mizani ndiyo watu wanayoiacha ili kuokoa pesa. Ukiikosa, usiendelee. Kila hatua inayofuata inaiegemea.

## Hatua ya 1: Pima uzito wa samaki walioko majini

Anza hapa kabla hata ya kwenda dukani, kwa sababu ukubwa wa mashine unatokana na hesabu hii.

Vua samaki 30 hadi 50 kutoka sehemu mbalimbali za bwawa. Usivue pale unapolishia tu, maana hapo hujazana wakubwa wenye nguvu na wastani wako utadanganya. Weka ndoo yenye maji kidogo kwenye mizani, soma uzito, tia samaki, soma tena, toa tofauti. Gawanya kwa idadi yao. Warudishe haraka, na fanya kazi hii asubuhi kabla jua halijawa kali.

Kisha kadiria wangapi wamebaki. Usichukue idadi uliyopandikiza. Mnandi, mdiria, kenge na fisi maji wamekwisha kula sehemu yao, na wengine walikufa siku za kwanza ukawaona au hukuwaona.

Tuchukue bwawa la mita 20 kwa 15. Lilipandikizwa vifaranga 900, yaani watatu kwa kila mita ya mraba, na mwenye bwawa anakadiria wamebaki 800. Wastani ni gramu 100. Uzito wote ni kilo 80.

Sasa chukua asilimia ya chakula kwa siku. Kwa sato ninaanza hivi:

- Chini ya gramu 20: asilimia 6 hadi 8 ya uzito wao.
- Gramu 20 hadi 50: asilimia 5.
- Gramu 50 hadi 100: asilimia 4.
- Gramu 100 hadi 250: asilimia 3.
- Zaidi ya gramu 250: asilimia 2.

Kama mfuko wa chakula chako una jedwali lake, fuata hilo, kwa kuwa limepangwa kwa chakula hicho. Bwawa letu la mfano linahitaji asilimia 3 ya kilo 80, sawa na kilo 2.4 kwa siku. Tukigawa milo minne, kila mlo ni gramu 600.

Angalia na joto la maji. Sato hula vizuri kati ya nyuzi 26 na 30 za Selsiasi. Maji yakishuka chini ya 20, hamu yao inaanguka, na chakula unachorusha kinaozea chini. Wafugaji wa Njombe, Mbeya na nyanda za juu za Kenya, mwezi wa sita na wa saba msitumie asilimia hizi zilivyo. Kateni nusu au zaidi, na muwatazame samaki.

Utajua umefaulu ukiwa na namba tatu zimeandikwa daftarini: wastani wa uzito, uzito wote, na gramu za kila mlo.

## Hatua ya 2: Chagua aina ya mashine

Madukani utakutana na aina nne.

Ya fimbo haina umeme. Fimbo inaning'inia hadi majini, samaki akiigusa punje zinaanguka. Ni rahisi na haina cha kuharibika. Ubaya wake ni kwamba upepo na mawimbi nayo huitikisa, na samaki wakizoea huichezea. Ukiinunua, jaza chakula cha siku moja tu ulichokipima. Hapo hata wakiicheza kutwa, hawawezi kumaliza cha kesho.

Ya mkanda hutembea polepole kwa saa ya springi na kudondosha chakula kidogo kidogo kwa saa 12 au 24. Ni ya vifaranga kwenye matangi. Usiipeleke bwawa kubwa.

Ya sahani inayozunguka ndiyo ninayopendekeza kwa mabwawa mengi ya kwetu. Chakula kinashuka kutoka pipani, sahani inayozungushwa na mota inakitawanya.

Ya kupuliza hurusha mbali kwa feni, inafaa mabwawa makubwa na vizimba, na inakula umeme zaidi.

Kutawanya kuna maana kubwa. Chakula kikiangukia sehemu moja, wakubwa wanaizunguka na kuwafukuza wadogo. Baada ya miezi mitatu una samaki wa gramu 300 na wa gramu 80 bwawa moja, na mnunuzi anachagua wale wakubwa tu.

Ukiwa dukani, angalia haya kabla ya kutoa pesa:

Taima ipangike kwa sekunde. Nyingine zinaanzia dakika moja, na kwa mashine inayorusha gramu 30 kwa sekunde, dakika moja ni karibu kilo mbili. Hiyo haikufai.

Taima ikumbuke mpangilio umeme ukikatika. Mwambie muuzaji aichomoe waya, asubiri dakika chache, airudishe. Ikianza upya na 00:00, saa zako zote zitavurugika siku betri itakapochoka.

Pipa liwe na mteremko mkali chini, bila kona ambamo punje zinaweza kubaki na kuota ukungu. Kifuniko kiwe na mpira wa kuzuia maji.

Mota na taima viwe vya aina ambayo fundi wa karibu anaweza kuipata. Mashine nzuri isiyo na spea itakuja kuwa chuma chakavu.

Ukubwa wa pipa ukadirie kwa samaki wa siku za mwisho. Samaki 800 wakifika gramu 350 ni kilo 280, na asilimia 2 ni kilo 5.6 kwa siku. Pipa la kilo 20 linatosha siku tatu na zaidi kidogo. Usishawishiwe na pipa la kilo 100 ili upate kusafiri wiki mbili. Chakula kikikaa siku nyingi kwenye pipa lililoko juu ya maji kinanyonya unyevu, kinaota ukungu, na ukungu unaweza kuzalisha sumukuvu. Isitoshe, bwawa lisilotazamwa wiki mbili lina hatari nyingi kuliko njaa.

Nenda dukani na kilo mbili za chakula chako mwenyewe. Omba mashine iwashwe mbele yako. Muuzaji anayekataa, mwache.

## Hatua ya 3: Chagua mahali

Simama bwawani mchana upepo unapovuma na utupe konzi ya punje majini. Tazama zinakokwenda. Mashine ifungwe upande upepo unakotokea, ili punje zisafiri kuelekea katikati. Ukiifunga upande wa pili, chakula kitasukumwa kwenye ukingo na nyasi, na kunguru watashiba kabla ya samaki.

Wa pwani wanajua kuwa upepo hugeuka: kusi ikitawala, mahali palipofaa wakati wa kaskazi panaweza kuwa pabaya. Kama bwawa lako liko wazi kwa upepo wa misimu yote miwili, funga nguzo mbili tangu mwanzo na uhamishe mashine msimu ukibadilika. Gharama ya nguzo ya pili ni ndogo kuliko mfuko mmoja wa chakula kilichopotea.

Pawe na kina cha mita moja au zaidi mbele ya mashine. Pawe mbali na bomba la kutolea maji. Pasiwe chini ya mti, maana paneli inataka jua na majani yatajaza sahani. Na kama inawezekana, paonekane kutoka nyumbani au kwenye kibanda cha mlinzi, kwa sababu paneli na betri vinaibwa.

Kama upepo ni mkali mahali popote utakaposimama, tengeneza pete ya mabomba ya PVC yaliyozibwa yaelee, uifunge kwa kamba mbele ya mashine. Iwe pana vya kutosha kwa mtawanyo wa mashine yako.

## Hatua ya 4: Simika nguzo

Chimba shimo la nusu mita kwenye ukingo imara, simika bomba, jaza zege, sawazisha kwa pima maji, subiri siku tatu kabla ya kuning'iniza uzito. Kwenye bwawa la turubai, chimba nje ya mstari uliofukiwa turubai.

Sahani iwe kama mita moja juu ya maji na iwe sawasawa kabisa. Ikiinama hata kidogo itarusha upande mmoja. Paka grisi kwenye sehemu ya chini ya nguzo, na ukiweza funga bati lililokunjwa kama koni, panya wasipande. Panya mmoja akitoboa mfuniko, mvua ya usiku mmoja inaharibu pipa zima.

## Hatua ya 5: Unganisha sola

Watu hudhani mota ndiyo inayomaliza betri. Fanya hesabu uone. Mota ya volti 12 inayovuta ampia 3 ni wati 36. Ikifanya kazi sekunde 20 mara nne kwa siku, inatumia chini ya wati-saa 1. Taima na kontrola, hata vikivuta ampia 0.05 tu, vinakesha saa 24 na kutumia wati-saa 14 hivi. Kusubiri kunakula zaidi ya kurusha.

Betri ya ampia-saa 7 ina wati-saa 84. Usiitumie zaidi ya nusu kama unataka idumu. Nusu hiyo inakuvusha takriban siku mbili na nusu za mawingu. Paneli ya wati 20 kwenye jua la saa nne itarudisha kiasi cha wati-saa 50 ukitoa upotevu. Kwa masika ndefu, chukua betri ya ampia-saa 12.

Mpangilio wa kuunganisha ni huu: betri kwenye kontrola kwanza, kisha paneli, mwisho mashine. Wakati wa kufungua, anza na mashine, kisha paneli, betri mwisho. Kontrola inasoma volti za betri ili ijijue iko kwenye mfumo gani, na ukianza na paneli unaweza kuiunguza.

Fyuzi ikae kwenye waya wa chanya, karibu na betri, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mashine. Usiruke fyuzi. Waya ukichubuka karibu na maji, ndiyo itakayokata moto.

Tanzania nzima iko kusini mwa ikweta, kwa hiyo paneli itazame kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15. Karibu na ikweta, kama Kisumu au Nyeri, mwinamo wa nyuzi 10 unatosha, ili mvua ioshe vumbi. Kontrola na betri viwe ndani ya boksi lenye matundu ya hewa upande wa chini, limefungwa kufuli.

Utajua umefaulu taa ya kontrola ikionyesha inachaji mchana, na asubuhi ya pili betri ikisoma zaidi ya volti 12.4 kabla ya jua kuchomoza.

## Hatua ya 6: Pima mashine inarusha gramu ngapi

Hii ndiyo hatua yenyewe. Chukua saa nzima kwa ajili yake.

Chekecha chakula kwanza, utoe vumbi. Jaza pipa hadi nusu. Tandika turubai chini ya sahani na ulikunje pembeni kama bakuli, au lizungushie sahani yenyewe lisiruhusu punje kutoroka. Nguzo ikiwa juu ya maji, fanya kipimo hiki nchi kavu kabla ya kupandisha mashine.

Washa sekunde 10. Tupa matokeo hayo, kwa sababu mrusho wa kwanza hujaza njia na hauaminiki. Sasa washa sekunde 10 tena, kusanya kila punje, pima, andika. Rudia mara tano.

Tuseme umepata gramu 290, 310, 300, 295 na 305. Jumla ni 1,500, wastani ni 300 kwa sekunde 10. Mashine yako inatoa gramu 30 kwa sekunde. Mlo wetu ni gramu 600. Gawanya kwa 30: sekunde 20. Hiyo ndiyo namba utakayoingiza kwenye taima.

Tazama jinsi kosa dogo linavyokua. Kama mashine kwa kweli inatoa gramu 40 na wewe umeamini ni 30 kwa sababu karatasi ya maelezo imesema hivyo, kila mlo unazidi gramu 200. Kwa milo minne ni gramu 800 kwa siku, kilo 24 kwa mwezi. Ni zaidi ya mfuko mzima wa kilo 20, umeozea chini ya bwawa na kula hewa ya samaki wako.

Kama vipimo vitano vinatofautiana sana, mathalani 220 kisha 340, usipige wastani na kuendelea. Kuna kitu: chakula kina vumbi, tundu ni dogo kwa punje hizo, au betri imechoka na mota inazunguka taratibu. Tafuta sababu, tengeneza, pima upya.

Rudia kipimo pipa likiwa limejaa, kisha likikaribia kwisha. Kwenye mashine nyingine tofauti ni ndogo. Kwenye nyingine ni kubwa, na hapo dawa ni kujaza pipa kiwango kilekile kila siku.

Pima upya kila unapobadilisha ukubwa wa punje au aina ya chakula. Punje za milimita 2 hupita kwenye tundu kwa kasi isiyo ya punje za milimita 4.

## Hatua ya 7: Panga saa, na usichanganye saa za taima

Hapa kuna kosa ambalo ni letu sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili. Mtu anataka samaki wale saa nne asubuhi, anaandika 04:00. Taima inasoma hiyo kuwa saa kumi alfajiri. Nimesimama kwenye bwawa lililokuwa likilishwa alfajiri kila siku kwa wiki tatu bila mwenyewe kujua. Alichojua ni kwamba samaki wanakufa na kwamba anapoamka anakuta chakula kinaelea.

Kwa saa za mchana, ongeza 6 kwenye saa yako:

- Saa nne asubuhi: 10:00
- Saa sita mchana: 12:00
- Saa nane mchana: 14:00
- Saa kumi jioni: 16:00

Saa hizo nne ndizo ninazotumia kwa sato, na zina sababu. Mchana mimea midogo inayofanya maji kuwa ya kijani hutoa oksijeni. Usiku nayo inavuta pamoja na samaki na vijidudu vya chini, hivyo oksijeni hushuka hadi kufika chini kabisa karibu na mapambazuko. Samaki akila anahitaji oksijeni zaidi ya kusagia chakula. Mlo wa alfajiri unamkamia wakati bwawa limeishiwa, na mlo wa usiku unamwachia mzigo wa kubeba hadi asubuhi.

Kambale ni tofauti. Wanaweza kupumua hewa ya juu na hula kwa nguvu giza likiingia. Wapangie mlo mmoja saa tatu asubuhi, 09:00, na mkubwa zaidi saa kumi na mbili na nusu jioni, 18:30.

Ukimaliza kupanga, usiondoke. Subiri mlo wa kwanza ufike, ulinganishe na saa ya simu yako. Kesho yake pia.

## Hatua ya 8: Siku saba za kwanza

Samaki waliozoea ndoo wataogopa mlio wa mota. Siku mbili za kwanza panga nusu ya sekunde ulizokokotoa, na nusu iliyobaki irushe kwa mkono palepale mashine inaporushia. Siku ya tatu au ya nne wataanza kuifuata. Siku ya saba weka kiasi kamili.

Kwa kila mlo wa siku hizo, simama na saa. Chakula kiwe kimekwisha ndani ya dakika 10 hadi 15.

Kikiisha kwa dakika tatu na samaki bado wanaruka, ongeza sekunde mbili. Kikibaki baada ya dakika 20, punguza sekunde nne na uangalie maji. Ingiza mkono wima majini: kiganja kikipotea kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, na ni rangi ya kijani siyo tope, bwawa limerutubika kupita kiasi. Punguza chakula, badilisha sehemu ya maji.

Ukikuta samaki juu wanatafuta hewa asubuhi, zima mashine siku hiyo nzima na uingize maji safi. Samaki mwenye afya hafi kwa kukosa mlo wa siku moja.

Siku za mawingu mazito na mvua ya kutwa, zima mlo wa mwisho. Mashine haioni mawingu, na mimea ya majini haitoi oksijeni ya kutosha bila jua.

Baada ya wiki ya kwanza, mlo mmoja kwa siku utazame kwa macho yako au ya mtu unayemwamini. Sijawahi kumshauri mtu yeyote aache hilo.

## Hatua ya 9: Rekebisha kila wiki mbili

Samaki wanakua, sekunde zako hazikui. Hapa ndipo hata waliofanya vizuri mwanzoni hukosea: wanapanga mara moja na kuacha hadi kuvuna, kisha wanashangaa samaki wamedumaa.

Vua tena 30 hadi 50, pima. Tuseme bwawa letu sasa lina wastani wa gramu 128. Samaki 800 ni kilo 102. Asilimia 3 ni kilo 3.1 hivi, kila mlo gramu 770. Kwa gramu 30 kwa sekunde ni karibu sekunde 26. Weka 25. Ukikosea, kosea kwa upungufu, kwa sababu chakula pungufu unaweza kukiongeza kesho, kilichooza huwezi kukizoa.

Andika tarehe, wastani, sekunde, na chakula kilichotumika tangu kipimo cha mwisho. Gawanya chakula hicho kwa kilo ambazo samaki wameongeza. Ikiwa kati ya 1.2 na 1.8, uko vizuri. Ikivuka 2, ama unazidisha, ama samaki ni wachache kuliko unavyodhani, ama mtu anachota pipani.

## Usafi na matengenezo

Kila siku: futa sahani, hakikisha hakuna punje zilizoganda kwenye tundu.

Kila wiki: maliza pipa hadi tupu, lifute ndani kwa kitambaa kikavu, harufu ikiwa chachu au ukiona unyoya wa ukungu, chakula chote kilichomo kitupwe mbali na mifugo. Usikikaushe juani ukakirudisha. Jua haliondoi sumukuvu. Wakati wa masika jaza cha siku moja tu.

Kila mwezi: futa paneli, kaza nati, angalia nyaya, na rudia kipimo cha turubai mara tatu. Mota ikichakaa kiasi hubadilika bila kelele yoyote.

Siku moja kabla ya kuvuna, zima mashine ili matumbo yao yawe matupu. Samaki aliyeshiba huchafua maji ya kusafirishia na huoza haraka. Baada ya mavuno, toa chakula chote, osha pipa, likauke kabisa, na ihifadhi betri ikiwa imejaa chaji, uichaji tena kila mwezi hadi vifaranga wapya waingie. Siku hiyo utaanza tena na Hatua ya 1, kwa punje ndogo na kipimo kipya.